Bure si Huria: Namna ya Kutafuta Vyombo vya Kutengeneza Programu



Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo gazeti letu lilichelewa majuma mawili, na wengi walituuliza juu ya nini. Leo tunawaeleza, maana kosa lilikuwa letu wenyewe. Tulichukua kwa kijana mmoja wa mjini programu ya kuandikia kodi, ile ya kuuzwa bei kali, lakini yeye alikuwa ameivunja kufuli na kuitia ku flashi. Tulimlipa franka elfu tano, tukafurahi. Siku ya tatu mafaili yote ya mashini ya kilabu yakageuka vimshale. Ukibonyeza, hakuna kitu. Habari za gazeti tuliziandika tena. Lakini mwenzetu mmoja wa klasi ya sita alipoteza programu yake ya kuhesabu pointi za wanafunzi, kazi ya miezi mine, na kopi hakuwa nayo. Hakupiga kelele. Alikaa tu akiangalia kioo mpaka kengele ikalia.

Tangu siku ile tukajiuliza: sisi vijana wa Goma tunaopenda kutengeneza programu, tutapata wapi vyombo vizuri, bila kuiba na bila pesa? Kumbe vyombo viko, na vingi sana.

Watu wa kazi hii wanaviita programu huria. Kwa Kifaransa ni logiciel libre. Tazama chukudu. Kila mutu anaona namna imeungwa: mbao, misumari, mpira wa gurudumu. Ikivunjika katika njia ya Sake, mwenyewe anaitengeneza pale pale, na jirani akipenda kujiundia yake kwa mfano ule, hakuna wa kumkataza. Programu huria iko vile vile. Kodi yake, ni kusema maandishi ambayo mtengenezaji aliyaandika ili mashini ifanye kazi, iko wazi. Una ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwenzako kopi. Kopi ile si wizi. Ruhusa imeandikwa, na maandishi yale yanaitwa lisansi (si ile lisansi ya chuo kikuu, tafadhali!).

Hapa wengi wanachanganya, hata sisi tulichanganya. Bure ni jambo moja, huria ni jambo lingine. Linus Torvalds alianzisha Linux mwaka 1991. Tangu 2002, ili kupanga kazi ya watu wengi wanaoandika kodi pamoja, yeye na wenzake wengi walitumia chombo kinachoitwa BitKeeper. Walipewa bure, lakini hakikuwa huria, kodi yake ilifichwa. Mwaka 2005 mwenye chombo akaondoa ruhusa ile ya bure, na wale wakubwa wa kazi wakabaki mikono mitupu kama sisi na vimshale vyetu. Basi mwezi wa 4 Torvalds akaanza kuandika chombo chake, na baada ya siku chache tu kilikuwa kinafanya kazi. Njo Git. Leo waprogramu wa dunia nzima wanaitumia, na hakuna mutu anayeweza kuamka asubuhi moja na kuifunga. (BitKeeper nayo ilifunguliwa kodi mwaka 2016, lakini watu walikuwa wamekwisha kwenda.)

Tunakaa juu ya Git kidogo, maana ingemwokoa mwenzetu. Ku mashini yako haihitaji intaneti wala mega. Kila unapomaliza kipande cha kazi unaandika git commit na neno fupi la kueleza umefanya nini, nayo inatunza hali ya kazi yako ya saa ile. Ukiharibu kesho, unarudi jana. Hiyo peke yake haitoshi: virusi vikila mashini, vinakula na historia. Kwa hiyo kuna git clone, inayonakili kazi yote pamoja na historia yake yote ku flashi ao ku mashini ya mwenzako. Mashini yako ikifa, yeye anayo kamili, tangu siku ya kwanza.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapana. Mwezi wa kwanza 2008, fujo ilipokuwa Kenya kisha uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake walitengeneza kwa siku chache programu ya kukusanya habari kwa watu wenyewe na kuzionyesha juu ya ramani. Waliiita Ushahidi, jina ambalo kwetu halitaki kamusi. Kodi yake ikawa wazi. Mwisho wa mwaka ule ule ilitumiwa kwa habari za vita ya hapa kwetu mashariki ya Kongo, na mwezi wa kwanza 2010 ikatumiwa Haiti kisha tetemeko la nchi. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Kenya kilisaidia watu wa ng'ambo ya bahari, na hawakuhitaji kukinunua.

Sasa, namna ya kuvigundua. Zamani tulikuwa tunauliza intaneti, mega zinaisha kabla ya jibu. Siku hizi tunauliza mashini yenyewe. Mbili za kilabu tumeziwekea Debian, toleo la 12 la mwaka 2023, lenye pakiti zaidi ya 64,000 zilizopangwa na watu wa kujitolea. Orodha ya pakiti ikishaletwa mara moja, mashini inaitunza. Unaandika apt search na neno moja la kazi unayotaka, hata mtandao ukikatika, na majina yanashuka na maelezo mafupi. Kuleta pakiti yenyewe ndiko kunataka mtandao, ao diski. Vyombo vilivyo tayari ndani ya mashini vinatafutwa kwa apropos, kisha man inakueleza matumizi. Taabu ni kwamba maelezo mengi ni ya Kingereza. Tunakaa na kamusi karibu.

Kwa njia hiyo tulikuta SQLite, na tulishangaa. Ni chombo cha kutunza orodha na hesabu katika faili moja tu. D. Richard Hipp alikitoa mwaka 2000, na simu za Android tunazobeba mfukoni zinacho, hatukujua.

Kabla ya kuchukua chombo tunaangalia lisansi yake, na tarehe kilipobadilishwa mara ya mwisho, maana kilichoachwa miaka kumi ni kama nyumba bila mwenyewe. Tunaangalia pia kama mashini yetu ya giga 2 inakiweza. Kimoja chenye sifa nyingi kiliifanya ilale kama mzee aliyeshiba sombe. Tulirudi ku Geany, ambayo ni ndogo na inafungua upesi. Tena kuna wenzetu wanaokusanya vyombo kama kofia, na hawajaandika mistari kumi ya kodi. Git, Python, SQLite: kwa mwaka wa kwanza tunaona vinatosha. Asiye na mashini atafute Termux kwa simu yake ya Android. Njia nzuri ni kuichukua ku F-Droid, duka la programu huria.

Tunakutana kila Alhamisi kisha masomo, kama umeme uko. Mulete flashi tupu, tutawapa kopi. Mwenzetu ameanza programu yake upya kwa Python na SQLite. Sasa inahesabu pointi za klasi mbili, na kopi ziko kwa watu watatu. Commit yake ya jana inasema: "nimesahihisha asilimia".

Doyeni wa wanafunzi, klasi ya sita