Mabalako: kabla ya kuuza shamba la kakao kwa ajili ya viza ya Kanada, hesabu kwanza siku

Mangina, zoni ya afya ya Mabalako, wilayani Beni. Ni huku Ebola ilikotangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, madereva, wasafishaji na waandikaji wa takwimu waliotumika katika kupigana nayo walibaki na vyeti vya kazi, ila kazi yenyewe ilikwisha. Wenye kufikiria Kanada wanajikuta mbele ya komisioneri anayeahidi « kontra na viza, vyote kwa bei moja ». Pesa hizo, kwa kawaida, zinatoka katika shamba la kakao la familia.

Lakini viza ya kazi haiuzwi pamoja na kontra. Ni makaratasi mengi, kila moja na muda wake, na anayeanza na lile linaloisha upesi analipa mara mbili.

Njia inayowafaa zaidi Wakongomani inaitwa Mobilité francophone. Ni ya kazi nje ya jimbo la Québec. Tarehe 15 Juni 2023 Kanada iliipanua kwa karibu kazi zote, kwa mtu anayesema na kusikia Kifaransa kwa kiwango cha 5. Vibarua wa shambani hawamo: anayevuna kakao Mangina hawezi kupitia mlango huu kwenda kuvuna matunda huko. Mwajiri wake lazima aombe kwanza kibali kingine, EIMT. Muuguzi naye ana kizuizi chake, maana bila leseni ya jimbo atakakotumikia hawezi kushika sindano, na leseni inaweza kukawia kuliko viza.

Kwa hiyo anza na pasipoti. Inadumu miaka 5, na Kanada haitoi kibali cha kazi kinachopita tarehe ya mwisho ya pasipoti. Aliyebakiza mwaka 1 atapewa mwaka 1, hata kama kontra yake ni ya miaka 3. Baadaye ufuate mtihani wa Kifaransa, TEF au TCF ya Kanada, ambao majibu yake yanatumika miaka 2. Hayo mawili mtu anaweza kuyatayarisha akiwa bado anatafuta kazi.

Yaliyobaki yamngojee mwajiri. Ni yeye anayeandika ahadi ya kazi kwenye intaneti, katika ukurasa wa serikali ya Kanada, na kulipa dola 230 za huko. Pesa hizo hana haki ya kumdai mtumishi. Akimaliza anapata namba inayoanza na herufi A, ikifuatwa na tarakimu 7. Komisioneri akionyesha kontra yenye mihuri mizuri, mwulizeni namba hiyo. Kama hana, hakuna cha kulipia.

Namba ikifika, mwombaji anajaza maombi na kulipa dola za Kanada 155, pamoja na 85 za alama za vidole. Hapa ndipo mtu wa Mabalako anaweza kuangukia. Barua ya kuitwa kutoa vidole inampa siku 30, na vidole havitolewi Beni wala Butembo. Ni Kinshasa, kwa ndege, ama Kampala, kwa kupitia Kasindi. Goma iko mikononi mwa M23 tangu Januari 2025, na barabara za Beni zinaweza kufungwa asubuhi yoyote waasi wa ADF wakishambulia. Siku 30 ni nyingi kwa mtu anayekaa Kampala; kwa mtu wa Mangina asiyekuwa bado na nauli, ni chache. Pesa ya safari iwe tayari kabla ya kutuma maombi, si baada ya barua kufika. Aliyekwisha kutoa vidole kwa ajili ya Kanada asirudie haraka: vinatumika miaka 10.

Safari hiyo hiyo ifanye kazi mbili. Mkaaji wa Kongo anayekwenda zaidi ya miezi 6 anapimwa afya, na ni kwa daktari aliyeandikwa kwenye orodha ya Kanada tu. Cheti cha hospitali nyingine, hata iwe kubwa namna gani, hakikubaliwi. Sheria inaruhusu kupimwa kabla ya kuitwa. Ila majibu yanadumu miezi 12, na wako watu wanaopimwa kabla hata ya kupata mwajiri. Huko ni kutupa pesa.

Maombi yakikubaliwa, pasipoti inapelekwa kubandikwa viza. Kibali cha kazi chenyewe hakitolewi hapa. Kinachapishwa siku ya kuingia Kanada, mbele ya afisa wa mpaka. Soma jina, mwajiri na tarehe ya mwisho kabla ya kuondoka kwenye meza yake. Kosa likionekana hapo, umwombe alisahihishe hapo hapo.