Ruta inakata ukiwa laivu? Angalia taa kabla hujanunua nyingine

Mdau, uko laivu, watu wanaulizia bei, mmoja ameshaandika "nachukua hiyo ya bluu", ghafla picha inaganda. Ukirudi hewani dakika tatu baadaye, wengi wameshahama. Kesho yake unanunua ruta mpya, na tatizo liko palepale. Pesa ya mzigo hiyo, shika kwanza.

Ikikata tena usikimbilie kuizima. Angalia taa.

Taa zote zikizimika kisha zikaanza kuwaka upya, ruta imejizima na kujiwasha yenyewe. Hapo mara nyingi shida ni umeme au joto. Soma maandishi kwenye adapta, halafu chini ya ruta. Ruta imeandikwa 12V 2A, wewe umechomeka adapta ya 12V 1A ya kifaa kingine kwa sababu tu kichwa kimeingia? Ukichati tu inavumilia. Ukiwa laivu, na simu nne nyingine zinavuta waifai, ruta inataka umeme zaidi, adapta inazidiwa, inazima. Volti lazima zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi. Na adapta huchoka, hata ile iliyokuja na boksi. Joto nalo usilidharau: ruta iliyofunikwa na marobota ya nguo inapikwa. Itoe kwenye hewa ujaribu tena.

Hukuwahi kuziona taa? Fungua 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye simu ikiwa kwenye waifai hiyo (anwani sahihi huwa imebandikwa chini ya ruta). Tafuta neno Uptime, yaani muda tangu iwake. Likisoma dakika tano wakati umeme haujakatika wala hujaigusa tangu juzi, umepata jibu.

Taa zinawaka ila hata ukurasa huo haufunguki? Ruta imeganda. Ruta ndogo ina kumbukumbu ndogo, na kila programu kwenye kila simu inafungua njia zake kadhaa. Mtu mmoja anayeshusha muvi kwa torrent anaweza kuijaza peke yake. Toa vifaa vyote, rudisha kimoja kimoja, utamjua tu.

Ukurasa unafunguka chap lakini laivu inagandaganda? Basi huenda ruta yako haina kosa, mara nyingi njia ya kupandisha ndiyo imejaa. Vifurushi vingi vina kasi kubwa ya kushusha na ndogo ya kupandisha, na laivu inakula kupandisha. Mimi ningemshuku kwanza Google Photos: asubuhi umepiga picha 200 za mzigo mpya, sasa zinapanda zote wakati wewe unauza. Izime hiyo mpaka umalize. Kamera za ulinzi zinazorekodi mtandaoni nazo ni walewale.

Ukipigia kampuni ya intaneti, waambie taa zilifanyaje, saa ngapi, na Uptime ilisomaje. Ukisema tu "mtandao unasumbua" utaambiwa zima uwashe.