John Caesar: Mfungwa mweusi aliyeisumbua Sydney

Ned Kelly, jambazi aliyenyongwa Melbourne mwaka 1880, ametengenezewa filamu na kuandikiwa vitabu visivyohesabika. Aliyemtangulia porini kwa miaka karibu 90 hana umaarufu huo, ingawa ndiye anayetajwa kuwa jambazi wa kwanza wa msituni katika historia ya Australia. Jina lake John Caesar, na alikuwa mtu mweusi. Inadhaniwa alizaliwa Madagascar, jirani zetu hapa, ingawa wako wanaosema ni mtu wa visiwa vya Karibi.

Machi 1786, akiwa mtumishi Deptford, kando ya mto Thames, alitiwa hatiani na mahakama ya Maidstone kwa kuiba pauni 12 na shilingi 4. Akahukumiwa kupelekwa ng'ambo miaka 7. Ng'ambo ipi, serikali ilikuwa bado haijaamua: Marekani, ilikozoea kuwamwaga wahalifu wake, ilikwisha kujitwalia uhuru. Mwaka uliofuata meli 11 ziling'oa nanga Portsmouth na Januari 1788 zikafika Australia, Caesar akiwa ndani ya Alexander.

Kilichomponza huko ni tumbo. Kila mfungwa mwanamume alipewa posho ileile kwa wiki: unga, nyama ya chumvi, njegere, siagi kidogo. Kwa karani wa ghala, hiyo ndiyo haki. Lakini Caesar alikuwa pande la mtu. David Collins, ofisa wa sheria wa koloni aliyeandika habari zake, anakiri kwamba alisifika kuwa mchapakazi kuliko wafungwa wote, na kwamba angeweza kumaliza posho ya siku mbili kwa siku moja. Nguvu zake walizitaka, kuzilisha hawakutaka.

Kisha chakula kikapungua. Oktoba 1788 meli ya Sirius ilitumwa hadi Rasi ya Tumaini Jema kutafuta unga. Kabla haijarudi, Machi 1789, kipande cha ufunguo kilikutwa kimekatikia ndani ya kufuli la ghala. Wezi walikuwa askari walinzi wenyewe, na sita wakanyongwa. Ikiwa mlinzi aliiba, mfungwa afanyeje? Mwezi uliofuata Caesar naye alikamatwa kwa wizi, na safari hii akahukumiwa maisha.

Wiki mbili baadaye alitoroka na gobori na chungu cha chuma. Hicho chungu kinasema mengi: anayekwenda porini kupigana habebi chombo cha kupikia. Alikamatwa Juni. Kwa kuwa alikwisha kutamba kwamba hata kitanzini angewachekesha watu, walimwona hafai kunyongwa. Wakampeleka Garden Island kulima akiwa na pingu miguuni, akiongezewa mboga za bustani. Ukweli usemwe: hata alipoongezewa, alitoroka tena kwa mtumbwi, akarudi mwenyewe Januari 1790 akiwa na majeraha ya mikuki ya wenyeji, ambao hawakumwona kuwa mwenzao.

Ndipo akapelekwa Norfolk Island. Huko alipewa nguruwe, kisha ekari moja ya kulima, akaishi na Ann Power, mfungwa mwenzake, wakapata binti, Mary-Ann. Mwizi yule akawa anajilisha. Mwaka 1793 akarudishwa Sydney, mama na mtoto wakabaki kisiwani. Kwangu mimi, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ambayo koloni ilimtendea. Mwaka uliofuata alitoroka tena.

Mwishoni mwa 1795 alimjeruhi vibaya Pemulwuy, kiongozi wa wenyeji aliyewapiga vita Waingereza, na sifa zikaenea kwamba amemuua. Hakuwa amemuua, Pemulwuy aliendelea kupigana hadi 1802. Sifa zenyewe hazikumfaa Caesar kitu. Desemba alikimbilia msituni kwa mara ya mwisho, safari hii akiwa na genge la watoro wenye silaha.

Januari 29, 1796, Gavana John Hunter alitangaza zawadi kwa atakayemleta: galoni 5 za pombe kali. Februari 15, mlowezi aitwaye John Wimbow alimvizia na mwenzake huko Liberty Plains na kumpiga risasi. Alikufa akiwa ametumikia, pamoja na utoro wake, karibu miaka 10 kwa pauni 12 na shilingi 4. Kwa miaka yote hiyo koloni haikuwahi kumtafutia unga wa kumtosha, lakini pombe ya kumnunulia muuaji ilipatikana.