Lenzi inayovuta mbali isimuumize mtoto macho

Fainali za UMITASHUMTA, mahafali ya darasa la saba, simba aliyelala chini ya mti mita 200 kutoka barabarani Mikumi. Ukipiga kwa simu, hata ile ya bei mbaya, mwanao anatokea kama punje ya mchele na simba anageuka kichuguu. Ndiyo maana baadhi ya wazazi wanaopenda picha huanza kutafuta lenzi ya kuvuta mbali. Wakishaona bei zake, wengine huangukia kwenye ya mtumba iliyo fupi na nene kama kopo la maziwa ya unga, yenye duara jeusi katikati ya uso wake. Hiyo ndiyo lenzi ya vioo.

Si kitu kibaya. Ila ikiingia kwenye nyumba yenye watoto, kuna jambo la afya ambalo muuzaji huenda asilitaje, na ili ulielewe ni vizuri kwanza ujue inavyofanya kazi.

Lenzi ya kawaida ya milimita 500 ni bomba refu lililojaa vipande vya kioo angavu. Zile kubwa wanazobeba wapigapicha wa mpira huwa na uzito wa kilo tatu au zaidi. Lenzi ya vioo hutumia vioo kama vile vya kujitazamia. Mwanga unaingia kwa mbele, unakwenda mpaka nyuma kwenye kioo kikubwa kilichobonyea kama sahani, unarudishwa mbele kwenye kioo kidogo (ndicho kile kiduara cheusi), kisha unarushwa tena nyuma kupitia tundu lililo katikati ya kioo kikubwa mpaka kwenye kamera. Safari ndefu imekunjwa ikatoshea kwenye kopo. Ndiyo maana ile ya Nikon ya milimita 500 haifiki hata kilo moja.

Mpangilio huu unatoka kwenye darubini za kutazamia nyota. Lenzi za Kirusi za MTO, ambazo bado zinazunguka kwenye masoko ya mitumba mtandaoni, zimetokana na darubini aliyoibuni Dmitri Maksutov mwaka 1941. Likumbuke hilo neno darubini, tutalirudia.

Kwa picha za familia, lenzi hii ina tabia zake na lazima uzizoee. Tundu lake la mwanga halibadiliki, kwa kawaida ni f/8, maana yake linapitisha robo tu ya mwanga unaopita kwenye lenzi ya f/4. Mechi ya saa kumi na mbili jioni itakushinda. Nyingi unazungusha kwa mkono kutafuta umakini wa picha, na mtoto anayekimbia hakusubiri. Ukishika mikononi bila stendi, weka kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi, la sivyo kila picha itatikisika. Taa na vimulimuli vya nyuma hutokea kama vipete, jambo ambalo wengine hulichukia. Binafsi naona vinapendeza, hasa maji yanapometameta nyuma ya mtoto ufukweni. Na kama unakwenda hifadhini, piga asubuhi. Saa saba mchana hewa ya juu ya ardhi yenye joto inachezacheza kama mvuke wa sufuria, na hakuna lenzi ya masafa itakayokupa picha safi.

Sasa turudi kwenye darubini. Siku mtoto atakapoigeuza lenzi hiyo kwenye jua, atakuwa ameelekeza darubini kwenye jua.

Lenzi ya milimita 500 yenye f/8 ina mdomo wa zaidi ya sentimita sita. Mboni ya jicho mchana wa jua kali hujibana mpaka milimita mbili au tatu. Kwa hiyo lenzi inakusanya mwanga kutoka eneo kubwa mara mamia kuliko jicho tupu, inaubana na kuutuma kwenye kamera. Kama kamera ni ya zamani yenye kitundu cha kuchungulia kinachopitisha mwanga wenyewe, jicho la mtoto liko mwisho wa njia hiyo. Kwenye kamera mpya ambazo ndani ya kitundu kuna skrini ndogo, jicho linaona picha tu, ingawa jua linaweza kuunguza kihisi cha kamera.

Sehemu inayoumia ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Mtoto hatalia wala hatalitoa jicho kwa uchungu. Saa kadhaa baadaye, au kesho yake, ndipo atasema katikati ya anachotazama kuna doa, mistari imepinda, au maandishi ubaoni hayasomeki. Wengine hupata nafuu kwa wiki au miezi, wengine hubaki na doa hilo, na hakuna tiba iliyothibitishwa. Watoto wako hatarini zaidi kwa sababu lenzi ya asili ndani ya jicho lao bado ni angavu na hupitisha mwanga mwingi zaidi kuliko ya mtu mzima.

Kishawishi kikubwa ni kupatwa kwa jua. Septemba 1, 2016, jua lilibaki kama pete juu ya Rujewa, wilayani Mbarali, na watu wakamiminika huko kulitazama. Agosti 2, 2027, litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita kule Luxor, Misri, kisha kivuli kipite Saudi Arabia, Yemen na kaskazini mashariki mwa Somalia. Sisi wa Tanzania na Kenya tutaona sehemu tu ikifunikwa. Maana yake kwetu hakutakuwa na hata sekunde moja ya kulitazama bila kinga.

Kinga ya lenzi ni filta maalumu ya jua inayofungwa mbele kabisa, kabla mwanga haujaingia. Hapa lenzi za vioo zina mtego: nyingi zina nafasi ya filta ndogo kwa nyuma, karibu na kamera. Usiweke filta ya jua hapo. Joto lililokwisha kukusanywa linaweza kuipasua jicho likiwa limebandikwa. Miwani ya kupatwa kwa jua nayo, hata ile halali yenye alama ya ISO 12312-2, ni ya kutazama kwa macho tu. Ukiivaa na kuchungulia kwenye lenzi, mwanga uliobanwa utaitoboa. Filamu ya eksirei, CD na kioo kilichofukizwa moshi havifai kabisa.

Nyumbani, lenzi ikae na kifuniko chake, ndani ya mfuko, mbali na dirisha lenye jua. Ikitokea mtoto amekwisha kuchungulia, usimpe matone ya dukani. Mfunike jicho moja kwa zamu umwonyeshe kalenda ya ukutani, umuulize kama kuna herufi zinazopotea katikati. Zipotee zisipotee, mpeleke kliniki ya macho na useme wazi kwamba alitazama jua kwa lenzi.

Na siku hiyo ya 2027, mpeleke mtoto chini ya mwembe na mlipe jua mgongo. Kila upenyo kati ya majani utachora ardhini kijua kidogo kilichomegwa, mamia kwa pamoja, na hivyo unaweza kuvipiga picha hata kwa simu.