Kwenda Sho na Shosho



Tukitaja "meri-go-raundi" katika vikundi vyetu, kila mtu anafikiri juu ya pesa. Wiki hii zinakwenda kwa mama huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka zimfikie kila mmoja. Leo tunataka kuzungumza juu ya meri-go-raundi ile nyingine, ya farasi wa kuchongwa na muziki, pamoja na ndugu zake wanaoonekana siku ya sho: gurudumu kubwa, vigari vya kugongana, viti vya minyororo. Swali letu ni hili: je, shosho na guka ambao miguu yao imechoka wanaweza kupanda vyombo hivi? Na kama wanaweza, ni kipi?

Pengine wewe unacheka. Sisi pia tulicheka, mpaka yalipotupata.

YALIYOTUPATA

Kikundi chetu huchanga pesa kidogo kidogo mwaka mzima, halafu twaenda sho ya ukulima pamoja. Tunaangalia ng'ombe wa maziwa, mbegu mpya za mahindi, majiko ya kuni kidogo. Baada ya chakula vijana na watoto wanakimbilia vyombo vya kupanda.

Kati yetu yuko shosho mmoja ambaye ni mwanzilishi wa kikundi. Alikuwa mweka hazina wetu wa kwanza, na hakuna senti iliyopotea mikononi mwake. Siku hizi anatembea na mkongojo, nyonga moja inamsumbua na magoti hayakunji vizuri. Kila mwaka tulimkalisha chini ya mti, tukamwekea vikapu na masweta yetu, tukaenda zetu. Tulidhani tunamheshimu. Siku moja akatuambia, "Nimelinda vikapu vyenu miaka sita. Hakuna hata mmoja ameniuliza kama nami nataka kupanda kitu."

Maneno hayo yalituchoma. Basi kwa haraka ya kusahihisha kosa, tukafanya kosa la pili. Mjukuu wake alimshika mkono akampeleka moja kwa moja kwenye gurudumu kubwa. Kuzunguka kulikwenda vizuri, tena alifurahi kuona watu wakiwa wadogo kule chini. Taabu ilikuja wakati wa kushuka. Kiti kilibembea, mwenye mashine akasema "haraka mama, wengine wanangoja", mguu ukateleza, na ukingo wa chuma ukamchuna ngozi ya muundi. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na kidonda kile kilichukua majuma mengi kupona.

Hapo tukajifunza makosa mawili. La kwanza ni kumwacha mzee bila kumuuliza. La pili ni kumpandisha bila kuangalia kwanza.

SHIDA IKO WAPI HASA?

Watu wengi wakichagua chombo huangalia mwendo. Wanasema hiki kinaenda pole pole, kwa hiyo kinamfaa mzee. Lakini kwa mtu mwenye miguu dhaifu, kazi kubwa ni KUPANDA na KUSHUKA. Chombo cha pole pole chenye ngazi ndefu na kiti kinachobembea chaweza kumshinda. Chombo kingine chenye mwendo zaidi kidogo, lakini kiti chake kimesimama imara na kiko kimo cha goti, chaweza kumfaa.

Tena tujue mwili wa mzee unavyofanya kazi:

Masikio. Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu midogo yenye maji, nayo ndiyo inayoambia ubongo kama tumesimama au tunageuka. Tukizungushwa, maji yale nayo huzunguka. Chombo kikisimama, maji yanaendelea kidogo, na ndiyo maana dunia inaonekana bado inageuka. Kijana anacheka kizunguzungu hicho, lakini mzee anaweza kuanguka.

Damu. Mtu aliyekaa akisimama ghafula, damu huteremkia miguuni na kichwa kikawa chepesi. Dawa nyingine za presha huongeza jambo hilo.

Mifupa na shingo. Mifupa hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwa akina mama baada ya hedhi kukoma. Mtikiso ambao kijana hausikii unaweza kumvunja mzee nyonga, au mfupa wa mgongo.

JARIBIO LA NYUMBANI

Kabla ya kufikiri juu ya chombo chochote, fanyeni jaribio hili nyumbani, bila kumwonea haya na bila kumharakisha:

1. Anaweza kuinuka kutoka kiti cha kawaida bila kuvutwa?
2. Anaweza kupanda kipandio cha mlango wa matatu akishikwa mkono mmoja?
3. Anaweza kushika chuma kwa mikono yote miwili dakika tano bila vidole kuchoka?
4. Anaweza kukaa dakika ishirini bila kwenda msalani?
5. Akigeuza kichwa kushoto na kulia, anaona kizunguzungu?

Kama la kwanza na la pili yanamshinda, tafuteni chombo ambacho mtu anaingia akiwa sawa na ardhi, au mwacheni akae mahali pazuri pa kutazama. Kama ana ugonjwa wa moyo, amevunjika mfupa au amepasuliwa karibuni (hata jicho), muulizeni daktari wa zahanati kwanza. Kuuliza si ujinga.

TUANGALIE CHOMBO KIMOJA KIMOJA

Farasi wa kuzunguka. Usimpandishe mzee juu ya farasi, maana ni lazima apanue nyonga na kuinua mguu juu. Lakini mashine nyingi za aina hii zina benchi kati ya farasi. Benchi hiyo ndiyo yake. Kama kuna benchi la ndani na la nje, chagueni la ndani, kwa sababu aliye karibu na katikati anasafiri duara dogo na hasukumwi sana kwenda nje. Muziki ukinyamaza, asiinuke. Akae kwanza, apumue, macho yatulie, ndipo asimame.

Gurudumu kubwa. Lile la kwanza kujulikana dunia nzima lilijengwa na injinia George Ferris huko Chicago, Marekani, mwaka 1893, likiwa na kimo cha mita 80 hivi. Lilijengwa ili watu waone mbali, si ili waogope, na ndiyo sababu wazee wengi hulipenda. Huko London kuna jingine la mita 135, lililofunguliwa kwa watu mwaka 2000. Linakwenda pole pole sana hata watu wanaingia likiwa linatembea, na mwenye kiti cha magurudumu akija, linasimamishwa. Vyumba vyake vimefungwa pande zote. Lakini lile la sho kwa kawaida lina kiti cha wazi na chuma kimoja mbele ya tumbo. Kiti chenyewe kinabembea, tena utasimamishwa juu wakati wengine wanapanda chini. Kwa hiyo linamfaa mzee asiyeogopa kimo na asiyebanwa na mkojo, ikiwa tu watu wawili wanakishika kiti kisitikisike wakati wa kupanda na wa kushuka.

Treni ndogo ya watoto. Inakwenda karibu na ardhi, haina mtikiso mwingi. Hata hivyo angalieni kiti. Kikiwa chini ya goti lake, kukaa ni rahisi lakini kuinuka ni vita. Mto mgumu au blanketi lililokunjwa laweza kusaidia, likiwa halitelezi na bado anashikika vizuri na chuma au mkanda.

Viti vya minyororo. Hapana. Miguu inaning'inia, mwili unatupwa nje, na hakuna namna ya kumsaidia akishaanza.

Vigari vya kugongana. Hapana kabisa. Kugongwa ndiyo mchezo wenyewe, na shingo ya mzee haikuumbiwa mchezo huo.

Mashua ya kubembea na kasri la kuruka. Hapana. Waachieni vijana na watoto.

Ngamia. Kwa macho anaonekana mpole. Lakini akiinuka anatanguliza miguu ya nyuma, basi aliyeketi anatupwa mbele, halafu nyuma. Mwenye nyonga mbaya asipande. Apigwe picha amesimama kando, inatosha.

MWENYE MASHINE AULIZWE

Vyombo vya sho huletwa kwa lori, vikafungwa uwanjani kwa siku chache, halafu vikafunguliwa tena. Ardhi yaweza kuwa na mteremko au tope. Basi msilipe kabla hamjatazama mzunguko mmoja mzima, kuanzia mtu wa kwanza kupanda mpaka wa mwisho kushuka. Mkiona misumari imelegea, chuma cha kufungia kimefungwa kwa kamba, au mwendeshaji amelewa, ondokeni. Mkiridhika, muulizeni:

- Utasimamisha chombo kabisa mpaka mama akae?
- Mmoja wetu anaweza kukaa kando yake?
- Mzunguko unachukua dakika ngapi?
- Akiinua mkono, utasimamisha mara moja?

Akijibu kwa hasira au kwa haraka, hilo nalo ni jibu. Ni vizuri pia kwenda asubuhi, siku ambayo si ya mwisho, maana watu ni wachache na hakuna anayesukuma foleni.

SAFARI NAYO NI CHOMBO

Tusisahau kwamba kabla ya sho kuna barabara. Kutoka Embu kwenda Meru twapita mabonde ya Thuchi na Nithi, na kona zake zinamchosha hata kijana. Mzee akae mbele, afungwe mkanda, na gari lisimame njiani ili anyooshe miguu na aende msalani. Wazee wengine hukataa kunywa maji siku ya safari kwa kuogopa aibu ya msalani. Hiyo ni hatari, hasa kwenye jua. Afadhali kusimama mara tatu. Mkifika karibu na Nkubu, mahali pa ikweta, mteremsheni apige picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Huhitaji tikiti, wala ngazi.

Na kama hakuna chombo kinachomfaa, siku yake haijaharibika. Mtafutieni kiti cha kivulini kando ya uwanja ng'ombe wanapopitishwa, na mtu wa kukaa naye. Siku nyingine mpelekeni Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka 1974, awaeleze nyinyi vile vyombo vya zamani vilivyotumika. Hapo yeye ndiye mwalimu.

JAMBO LA HAKI NA LA PESA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Mzee hapo ni mtu aliyepita miaka 60. Kifungu cha 54 kinawapa wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Maneno haya hayamaanishi kwamba kila mtu apandishwe kila mashine. Yanamaanisha kwamba mzee asisahauliwe tunapopanga.

Kuhusu pesa, tunaomba jambo moja. Zile shilingi 2,000 za mwezi ambazo wenye miaka 70 na zaidi hupata chini ya mpango wa Inua Jamii ni za chakula na dawa zao. Kikundi kisizihesabu kama mchango wa safari. Tikiti ya shosho na ya msaidizi wake iingie katika bajeti ya kikundi tangu mwanzo, kama tunavyoweka nauli.

ALIPANDA NINI?

Mwaka uliofuata tulimuuliza shosho wetu wiki tatu mapema. Tulifanya lile jaribio nyumbani kwake. Gurudumu alilikataa mwenyewe: "Hilo nimeshalijua." Akachagua farasi wa kuzunguka. Tulitazama mzunguko mmoja, tukazungumza na mwendeshaji, tukamkalisha kwenye benchi la ndani, binti yake kando. Alizunguka mara mbili. Muziki uliponyamaza alikaa kimya kidogo, mkongojo magotini, halafu akasema, "Sasa zamu yangu imefika." Wote tulielewa. Katika meri-go-raundi ya pesa alihakikisha miaka mingi kwamba kila mtu anapata zamu yake, na hii ya farasi hakuna aliyemhesabia.

Vikapu mwaka huo tulivilinda kwa zamu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani hubaki nyuma kila tunapotoka? Tumewahi kumuuliza?
2. Ni nani atafanya jaribio la nyumbani, na lini?
3. Je, bajeti yetu ya safari ina tikiti ya msaidizi?
4. Mzee akisema "sitaki kupanda", tutajuaje kama hataki kweli au anaogopa kutusumbua?