Mgodi Umefungwa, Geti Je?

Mgodi wa Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama mkoani Shinyanga, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, na ilipofika katikati ya 2021 kazi ilikuwa imekwisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipoanza alikuwa hajamaliza darasa la saba. Mgodi uliacha shimo kubwa linalojaa maji, vilima vya mawe taka na bwawa la mabaki ya uchenjuaji. Uliacha pia kitu ambacho migodi mingi hukibomoa kabla ya kuondoka: mji mdogo uliokamilika, wenye nyumba za kambi, mabwalo ya chakula, karakana, maghala, ofisi, umeme wa gridi na maji, pamoja na uwanja wa ndege ambao leo unatumiwa na abiria wa kawaida wa Kahama. Serikali na kampuni ya Barrick zilikubaliana majengo hayo yasivunjwe. Mwaka 2024 eneo likatangazwa kuwa Eneo Maalumu la Kiuchumi, na mwaka huohuo Barrick ikafungua chuo chake hapo cha kuwafunza wasimamizi wa migodi yake ya Afrika. Uamuzi wa kutobomoa ulikuwa wa busara, na wanaoubeza hawajafikiria gharama ya kujenga karakana moja tu ya aina ile. Hata hivyo, majengo yaliyobaki hayatoshi kuunusuru mji. Kinachoamua ni kama geti litafunguka kwa watu waliokuwa nje yake miaka yote 12.

Jambo hili lilikwisha kujaribiwa kwingine, na mfano unaotufaa zaidi unatoka mbali na dhahabu. Subic, nchini Ufilipino, ilikuwa moja ya kambi kubwa kabisa za jeshi la majini la Marekani nje ya nchi yao. Septemba 1991 Baraza la Seneti la Ufilipino lilikataa kwa kura 12 dhidi ya 11 kuongeza mkataba, na Novemba 1992 meli za mwisho zikaondoka. Kambi ile na mgodi wa kigeni vinafanana kuliko inavyodhaniwa. Kila kimoja ni eneo lenye uzio, umeme wake, zahanati yake na uwanja wake wa ndege, na nje ya uzio kuna mji unaoishi kwa mshahara unaotoka ndani. Pale Olongapo, mji uliokuwa nje ya uzio wa Subic, daraja fupi juu ya mfereji ndilo lililotenganisha mji na kambi, na wenyeji walilivuka kwa kibali. Anayejua Mwadui, mji wa almasi ulioanza na John Williamson mwaka 1940, hahitaji kuelezwa maana ya geti la namna hiyo.

Wamarekani walipoondoka, wakazi wapatao 8,000 walijitolea kulinda majengo bila malipo, wasije vibaka wakang'oa nyaya na mabati. Bunge lilikuwa limekwisha kutunga sheria ya kuligeuza eneo kuwa bandari huru, na ndani yake kuna kifungu ambacho kila diwani wa Kahama anastahili kukijua. Mwekezaji wa Subic alisamehewa kodi nyingine zote akalipa asilimia 5 ya mapato ghafi. Asilimia 3 zilikwenda Serikali Kuu, na 2 zilizobaki zikawekwa kisheria kwa ajili ya manispaa zinazolizunguka eneo na mfuko wa kuziendeleza. Mji haukusubiri hisani ya mwekezaji, kwa sababu fungu lake liliandikwa tangu mwanzo.

Subic ina somo la pili, nalo ni chungu. Mwaka 1995 kampuni ya FedEx iliweka hapo kituo chake kikuu cha mizigo cha Asia, na kila mtu akaamini mji umepona. Mwaka 2009 ikahamia Guangzhou, China. Kiwanda cha meli cha Hanjin kutoka Korea Kusini kiliajiri maelfu kwa maelfu, na Januari 2019 kikaanguka kwa madeni ya zaidi ya dola bilioni moja. Kilichoizuia Subic kufa mara mbili ni kwamba kando ya majitu hayo zilikuwapo mamia ya kampuni ndogo na za kati: maghala, viwanda vya vipuri, hoteli, shule. Mpangaji mmoja alipofunga mlango, wengine walikuwa kazini.

Sasa turudi Buzwagi. Mpangaji aliyetajwa kwa sauti kubwa kuliko wote ni mtambo wa kusafisha nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ambao Kampuni ya Tembo Nickel ilipewa leseni yake Machi 2024. Ni mradi mzuri, na nchi ina haki ya kutaka madini yake yasafishwe nyumbani. Lakini tazama kilichofuata. Bei ya nikeli duniani ilikuwa imeporomoka kwa wingi wa nikeli ya Indonesia, na mwaka 2025 kampuni kubwa ya BHP, iliyokuwa mbia, ikajitoa. Hakuna mtu wa Kahama aliyekosea lolote hapo. Mambo yaliamuliwa kwa hesabu za masoko ya mbali, kama ilivyokuwa kwa Hanjin. Buzwagi yenyewe iliyumbishwa Machi 2017 na uamuzi wa Serikali, si wa masoko, zuio la kusafirisha makinikia (mchanga wenye madini) nje ya nchi lilipokuja na wafanyabiashara wa Kahama wakahesabu hasara wasiyoisababisha. Mji uliowahi kumtegemea mpangaji mmoja mkubwa haufai kuambiwa usubiri mwingine.

Ndiyo maana natazama zaidi upande wa mpunga. Kahama ni mji wa vinu. Msimu wa mavuno turubai hutandazwa uwanjani, mpunga ukaanikwa hadi punje ivunjike kwa jino, kisha magunia yakaingia kinuni: pumba upande mmoja, chenga upande mwingine, mchele mbele. Ndani ya mashine hiyo kuna rola mbili za mpira zinazoimenya punje, na rola hizo huisha. Zikiisha, mchele hukatika, chenga huongezeka, na bei kwa kilo hushuka. Vipuri vya namna hii vingi huagizwa kutoka nje. Kilomita chache tu kutoka vinuni ziko karakana zilizojengwa kutengeneza malori yanayobeba tani nyingi kwa safari moja, na mjini wamo mafundi waliojifunza haidroliki, uchomeleaji na ukerezaji humo humo. Kinachokosekana ni chumba cha ukubwa wa kawaida kwa kodi ambayo fundi wa kawaida anaimudu. Mwenye kinu akiisha kupata rola hapo, na mchimbaji mdogo wa maduara akapata hapo hapo vipuri vya kresha na karasha zake, geti litakuwa limefunguka kwa maana halisi.

Wapo watakaosema Kahama si Subic: kule kuna bahari na kina cha maji, huku kuna nyasi na vumbi. Ni kweli, ila Kahama ina njia panda. Barabara ya Rwanda na Burundi inapita hapo, bandari kavu ya Isaka iko jirani, na maji ya Ziwa Victoria yalifika kwa mradi mkubwa uliozinduliwa mwaka ule ule wa 2009. Wengine wataogopa sumu, na hofu hiyo ni ya haki. Kule Subic, mkataba haukuwabana Wamarekani kusafisha uchafu waliouacha. Sheria yetu ya madini inadai mpango wa ufungaji na dhamana ya fedha ya ukarabati, kwa hiyo tunaanza mahali bora zaidi, mradi shimo na bwawa la mabaki vibaki na uzio wake na vipimo vya maji ya visima vya jirani vibandikwe ofisi ya kata ambako kila mtu anasoma.

Pingamizi zito zaidi ni la mapato, na hapa nakubaliana na wapingaji nusu ya njia. Mgodi ulikuwa ukilipa halmashauri ushuru wa huduma, asilimia 0.3 ya mauzo, baada ya miaka mingi ya kiwango kisichobadilika cha dola 200,000 kwa mwaka kilichokuwa kwenye mikataba ya zamani. Sheria za maeneo maalumu, tangu ile ya 2002 na ya 2006, zilimpa anayezalisha kwa ajili ya kuuza nje msamaha wa miaka 10, si wa kodi ya mapato tu bali hata wa tozo za serikali za mitaa. Maana yake manispaa inaweza kuwa na viwanda ndani ya eneo lake, ikatengeneza barabara zinazochakazwa na malori yao, ikasomesha watoto wa wafanyakazi wao, na isipate kitu. Kufuta msamaha wote kutawafukuza wawekezaji. Lakini kuna njia ya Subic: mwekezaji alipe kidogo, kiwango kimoja, na fungu la mji litajwe ndani ya sheria.

Kahama si mji wa kwanza nchini kufungiwa mgodi. Nzega walifanya jambo dogo lakini la heshima, eneo la Golden Pride, mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu wa kizazi hiki, lilipokabidhiwa kwa ajili ya mafunzo ya madini. Mgodi wa Tulawaka kule Biharamulo ulichukuliwa na STAMICO, shirika la madini la taifa, mwaka 2013 ili uchimbaji uendelee. Hata hivyo, swali kubwa liko Geita, ambako mgodi unazalisha tangu mwaka 2000 na mji umepanda kuwa makao makuu ya mkoa ukiuzunguka. Huko muda bado upo. Karakana ijengwe ndani kabisa ya uzio au kandokando ambako siku moja itapata mlango wa mtaani, bomba la maji liwe na kipenyo cha kutosha kambi tu au mji pia, njia ya umeme ipite wapi: hayo yote huamuliwa mgodi ungali unalipa, kwenye vikao vya mpango wa ufungaji ambavyo wenyeviti wa mitaa ya Geita wanapaswa kuwamo leo.