Kuandika Kitabu (Sehemu ya 2): Waulizeni Walio Hai

Kijana wa Ngarambe akishika kalamu kuandika kitabu chake cha kwanza, ataanza na Kinjikitile. Simlaumu. Ni huko kwao, kusini mwa Mto Rufiji, ambako mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo, na watu wakamiminika kufuata maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, lakini vita vya Majimaji vikaendelea hadi 1907, vikafika mpaka Ungoni. Kisa hicho kina shujaa, kina mto na kina kitanzi. Kijana anaona kazi iliyobaki ni kuandika tu.

Tatizo ni kwamba hana wa kumuuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gilbert Gwassa alizunguka Umatumbi akiwahoji wazee walioviona vita kwa macho yao, na mwaka 1968 yeye na John Iliffe wakachapisha sehemu ya kumbukumbu hizo. Piga hesabu: aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza, mwaka huo alikuwa na 78. Gwassa aliwawahi. Leo utakayemkuta ni mjukuu au kitukuu, naye anaweza kukusimulia aliyoyasoma shuleni huku wewe ukidhani ni ya babu yake.

Ndiyo maana nashauri kitabu cha kwanza kiandikwe juu ya jambo ambalo mashahidi wake bado wapo. Bonde la Rufiji halina uhaba wa mambo hayo. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na serikali ikawahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vipya mwinukoni, katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa anaukaribia uzee wa miaka 70. Anakumbuka nyumba iliyoachwa, shamba la mpunga lililobaki mbali, na nani alirudi bondeni kwa siri msimu wa kupanda. Hayo hayajaandikwa kwa kiasi yanachostahili, na kila mwaka tunazika kurasa zake.

Kumhoji mzee kuna ufundi wake. Usimuulize, "Ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize, "Bibi, ulikuwa umeshaolewa? Mgongoni ulikuwa na mtoto yupi?" Mtoto huyo huenda ana cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na hapo tarehe itapatikana. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: uliona mwenyewe, au ulisimuliwa, na nani? Wazee wawili wakipishana, usiwasuluhishe. Andika kauli zote mbili na majina ya waliozitoa, kama wameridhia kutajwa. Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi, na ukifika nyumbani nakili sauti hiyo mahali pa pili siku hiyo hiyo. Jiandae pia kwa kazi ya kuiandika: saa moja ya mazungumzo hula nusu siku, hasa mzee akichanganya Kiswahili na Kindengereko. Maneno yake ya Kindengereko yaache yalivyo. Sentensi inayoyazunguka itamwelekeza msomaji.

Baada ya hapo utakuwa na madaftari yaliyojaa na bado huna kitabu. Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo Ebrahim Hussein anapotufaa. Mzaliwa huyu wa Kilwa alikuwa na vita vizima mbele yake: makabila mengi, miaka miwili ya mapigano, kisha njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Katika tamthilia yake, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alichukua fundo moja tu, la kiongozi ambaye neno lake limemponyoka na watu wanakwenda nalo vitani kabla hajawa tayari. Mengine mengi aliyaacha yapite nyuma ya jukwaa. Akasema wazi katika utangulizi kwamba mtu wake si yule wa historia. Kitabu ni chembamba, na zaidi ya nusu karne baadaye bado kinasomwa.

Basi katika madaftari yako tafuta mtu mmoja aliyelazimika kuamua jambo gumu. Labda ni mama aliyegoma kupanda lori la kuhama. Anzia hapo, na uamue mapema kama unaandika historia au hadithi, kwa sababu msomaji husamehe yote mawili isipokuwa mchanganyiko usiotangazwa. Ukurasa mmoja kwa siku unatosha. Shukrani na picha ya jalada ziache mwisho. Miswada yenye shukrani za kurasa tatu na sura ya kwanza isiyokwisha ni mingi mno.

Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na masuala ya hakimiliki yapo COSOTA. Hayo hayana ugumu. Ila kabla ya yote, mkalishe chini mmoja wa waliokusimulia umsomee sura inayomhusu, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Atakapokukatiza, weka alama.

Wiki ijayo: mkataba wa mchapishaji, na vifungu vya kusoma mara mbili kabla ya kutia saini.